Saa Nane ya Mama Mdogo

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nawajibu kwamba naandika programu za kompyuta, na wengi huishia hapo. Hubadilisha mazungumzo wakaanza kunieleza jinsi simu zao zinavyomaliza chaji. Mama mdogo peke yake ndiye aliyewahi kuendelea kuuliza. Alitaka kujua programu inaandikwa wapi, ikishaandikwa inakaa wapi, na kama inaweza kumsaidia mtu mwenye shamba mwishoni mwa mfereji. Hilo la mwisho ndilo lililotuingiza matatani.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Shamba lake liko Kikwe, upande wa chini, ambako mvua ya mlimani unaiona kwa macho lakini haikufikii. Ukisimama kwake asubuhi unaona mlima Meru umejifunika wingu zito, unajua huko juu migomba inalowa, na wewe miguuni una vumbi tupu. Kinachomwokoa ni mfereji. Maji yanachepushwa mtoni kwenye banio, yanashuka mfereji mkuu, na kila shamba lina zamu yake ya kufunguliwa. Zamu ikikupita unasubiri wiki nzima mpaka irudi kwako. Mahindi yanaweza kuvumilia wiki. Maharage yakiwa kwenye maua, wiki hiyo inaweza kukuondolea msimu wote.

Maharage ya shamba hilo ndiyo yaliyonisomesha. Nasema hivyo si kwa kujipamba. Ni kwamba nilikuwa naondoka chuoni nikija likizo, nayapalilia, nayavuna, nayapepeta, narudi chuoni. Ninajua harufu yake yakiwa na maua. Ninajua pia sura ya mama mdogo maua yanapoanza kudondoka kwa kiu, na sikutaka kuiona tena.

Zamu zilikuwa zinatangazwa na mgawa maji, mzee mmoja mpole mwenye baiskeli, ambaye ndiye hufungua na kufunga vigawa maji njia nzima. Alipita kwa watu akiwaambia kesho wewe, kesho kutwa wewe. Wa juu aliwafikia wote. Kufika chini giza limeingia, au pancha imemkuta njiani, na mama mdogo anakaa chini kabisa. Basi kwenye kikao cha mfereji mama mdogo akasimama akasema kuna mtoto wake anayekaa Sekei, mjini, anaweza kuifanya simu ikamwambia kila mtu zamu yake. Mimi sikuwepo. Nilipigiwa jioni nikaambiwa, "Nimeshakusemea, mwanangu. Wamekubali."

Mfereji ule una sheria yake ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayeivunja: anayeleta jambo jipya hulijaribu shambani kwake kwanza. Aliyeleta wazo la kujengea kigawa maji kwa saruji, kwake ndiko kulikojengwa kwanza, na ubovu wa saruji ile alikula yeye. Kwa hiyo simu nayo ingeanza na shamba moja tu, la mama mdogo. Wengine wangeendelea na baiskeli.

Kazi hiyo tuliifanya watu wawili. Mimi, na kijana mwenzangu wa Sombetini ambaye tunakodi naye chumba kimoja cha ofisi Sekei, nyuma ya nyumba ya watu, dirisha likitazama migomba na kamba ya kuanikia nguo. Yeye ni mtu wa programu za simu. Mimi ni mtu wa programu zinazokaa kwenye mashine ya mbali na kutuma ujumbe. Lugha anayoandikia yeye siyo ninayoandikia mimi, jambo ambalo halikunisumbua, maana hata nyumbani nilikua nikisikia Kimeru jikoni, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, na ugali tulikula uleule.

Tuligawana. Mwenyekiti wa mfereji angeandika zamu kwenye ujumbe wa simu na kuutuma kwenye programu yangu. Programu yangu ingemtumia mwenye shamba ujumbe. Programu yake ingekaa kwenye simu ya mgawa maji na kuita muda wa kufungua ukifika. Umbo la data tulilikubali kwa mdomo, tumesimama mlangoni tunakula karanga: zamu ina shamba, ina siku, ina saa, saa ni namba. Kila mtu akaenda kuandika kwa mkono wake, kwa lugha yake. Tukajaribu pale ofisini, ujumbe ukatoka, simu ikaita, tukapongezana. Maji ya ofisini hayamwagiki.

Jumatano ya kwanza zamu ya mama mdogo ilikuwa saa nane mchana. Mwenyekiti akaandika 8, kama ambavyo mtu yeyote wa Kikwe angeandika. Programu yangu ikatuma: zamu yako ni leo saa 8. Mama mdogo akasoma, akapanga siku yake, akaenda kisimani, akapika, akala, akachukua jembe akashuka shambani mapema ili awahi. Lakini kwenye simu ya mgawa maji ile 8 ilikuwa imeingia kwenye saa ya simu, na saa ya simu ikisoma nane kwetu ni saa mbili asubuhi. Ikaita asubuhi. Yule mzee alishaelekezwa kwamba sasa ni kuisikiliza simu, akaisikiliza, akafungua. Maji yakaenda shambani kwa mama mdogo ambako hakukuwa na mtu wa kuyaelekeza, yakatafuta njia yake, yakaishia barabarani. Muda wa zamu ulipokwisha mzee akafunga kwa uaminifu wote. Mama mdogo alipofika alikuta tope njiani na matuta makavu, na maji yalikuwa ya mtu mwingine.

Alinipigia simu. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama nimeshakula, halafu akanieleza.

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo sikuzitafuta mbali. Nilimgeukia mwenzangu.

"Umefungua maji saa mbili!"

"Dada, angalia hapa. Nane nukta sifuri sifuri. Nane kamili imeita."

"Hiyo ni saa mbili!"

"Kwa Kiswahili. Simu haijui Kiswahili."

"Na mama mdogo haijui hiyo nane yako!"

"Sasa unanigombeza mimi au unaigombeza simu?"

Nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo mpaka nilipopoa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa amekosea. Mwenyekiti aliandika sahihi. Mama mdogo alisoma sahihi. Programu yangu ilituma kilichoandikwa, na yake iliita namba iliyopewa. Kila mmoja wetu alizaliwa akihesabu saa kuanzia macheo, na kila mmoja wetu ana simu mfukoni inayohesabu vingine, na tumezoea kurukia huku na huku bila kufikiri, kiasi kwamba hatukuona kama kuna kitu cha kuandika. Angekuwa mgeni asiyejua saa zetu angeuliza. Sisi hatukuuliza kwa sababu tulikuwa nyumbani.

Jumamosi tukaitwa kikaoni. Walikaa kwenye ukuta wa banio, miguu ikining'inia juu ya maji, mimi na mwenzangu tumesimamishwa mbele kama wanafunzi waliochelewa. Bibi mmoja akasema maji yakimwagika hayazoleki, na wengi wakaitikia. Nilieleza nilivyoweza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mama mdogo.

"Mama, damu ni nzito kuliko maji, hilo tunalijua. Lakini hapa tunagawa maji." Watu wakacheka. "Simu tutaijaribu mara moja tu. Ikishindwa, tumemalizana nayo. Ila maharage yako yako kwenye maua. Wiki hii rudi kwenye baiskeli, uyaokoe. Simu tutaijaribu msimu ujao, hakuna atakayekucheka."

Ulikuwa uungwana mkubwa na nilitamani aupokee. Nilimtazama nikitikisa kichwa ili akubali. Yeye akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Nilishasema itaanzia kwangu," akasema. "Iendelee kwangu. Jumatano saa nane."

Nilimgombeza njia nzima kurudi nyumbani. Nilimwambia anacheza kamari na chakula chake. Akaniambia nipunguze sauti, watu wa barabarani watadhani nimemkuta na kosa.

Jumapili mwenzangu alikuja ofisini na suluhisho mkononi, na usoni ametulia. "Naongeza sita tu, dada. Nane jumlisha sita, kumi na nne. Imeisha hiyo."

"Na shamba la kwanza kabisa? Wao zamu yao ni saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili jumlisha sita?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kumi na nane ni jioni. Kwa mama mdogo ingefanya kazi, na siku simu ikifika kwa wa juu, maji yao ya alfajiri yangefunguliwa jua likizama. Halafu kungekuwa na mtu wa tatu na programu ya tatu, naye angesahau kuongeza, au angeongeza juu ya aliyekwisha kuongeza. Nilikuwa nimechoka na mambo ya kukubaliana mlangoni kwa karanga.

Kuna njia nyingine ya kufanya kazi hii, na nilikuwa nimeichelewesha kwa sababu inachosha mwanzoni. Unaandika maelezo ya data yako mara moja, kwenye faili moja: zamu ni nini, ina vitu gani, kila kimoja ni cha aina gani. Wenyewe tunaiita skima. Mama mdogo aliponisikia nikilitaja neno hilo kwenye simu alinirekebisha, "Ni skimu, mwanangu, skimu ya umwagiliaji," na sikubishana naye. Faili hilo unaikabidhi kompaila, programu ya kulisoma na kulielewa, nayo inakuandikia maktaba, yaani mafungu ya msimbo, maagizo ya programu, yaliyo tayari kutumika, kwa kila lugha unayoitaka. Mwenzangu anapata ya kwake, mimi ya kwangu, na zote zimetoka kwenye chanzo kimoja. Hakuna anayenakili kwa mkono.

Lakini kompaila ile ilitengenezwa na watu wa mbali. Inajua namba, inajua maandishi. Saa yetu haijui. Ingetupa sote namba ileile, nane, na tungerudi barabarani kwenye tope, safari hii kwa utaratibu. Ila inakubali plagini, kipande cha programu unachokichomeka pembeni yake. Ikimaliza kusoma skima inakikabidhi hicho kipande kila ilichokielewa na kukiuliza: wewe unataka niandike nini? Kipande kinajibu kwa mafaili ya msimbo. Hapo ndipo tulipoona mlango wa kuiingizia saa ya Kikwe.

Tukaandika plagini hiyo kati ya Jumapili na Jumanne. Kwenye skima tukaweka alama: hiki si namba, hiki ni saa ya Kiswahili, na lazima kije na sehemu yake ya siku, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Plagini ikikutana na alama hiyo inatengeneza, kwa lugha zote mbili, saa isiyokubali kuzaliwa kutoka kwenye namba tupu. Ukiipa 8 peke yake inakataa, na programu nzima inagoma kujengwa. Ukiipa saa nane mchana, inajua yenyewe kwamba kwa simu ni kumi na nne, na kwa ujumbe wa mama mdogo inaandika maneno kamili: saa nane mchana.

Haikuja kirahisi. Jumatatu nzima kompaila ilikuwa inatutemea majibu, ikisema haielewi inachoambiwa, na msimbo wetu tuliukagua mpaka macho yakauma. Mwenzangu ndiye aliyegundua. Plagini inazungumza na kompaila kupitia mrija mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeweka sentensi ndogo ya kunionyesha kazi imefika wapi. "Nimefika hapa," ilisema. Ilikuwa inapita kwenye mrija huohuo na kuchafua jibu.

"Dada," akasema huku anacheka mpaka anashika meza, "hata kwa kompaila unagomba!"

Nilicheka pia, ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Tukaitoa sentensi, maktaba zikatoka, za kwake na za kwangu. Programu zetu za zamani zikakataa kujengwa kila palipokuwa na namba tupu, mahali pengi kuliko nilivyotarajia, na tukapita pamoja tukirekebisha kimoja kimoja. Jambo hilo lilinipa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu asiye wa kazi hii. Kitu kilichokuwa kinaelea vichwani mwetu bila kusemwa kilikuwa sasa kimesemwa, na mashine ilikuwa inakilinda.

Jumatano mwenzangu alinipakia kwenye pikipiki yake tukashuka Kikwe. Tulifika saa saba imepita. Sikuwa nimekula. Asubuhi yote nilikuwa nimeishika simu nikitegemea kupigiwa nikaambiwa maji yamefunguka tena, na haikuita. Mama mdogo tulimkuta shambani, amekaa kwenye tuta la juu, jembe pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekula?"

Maharage yalikuwa yamenyong'onyea, majani yamejikunja, lakini maua yalikuwa bado yameshika. Nilikaa karibu naye. Akavuta simu yake kutoka kwenye kitenge, akausoma ujumbe uliokuja asubuhi kwa sauti na kwa taratibu, kama anasoma somo kanisani: zamu yako ni leo saa nane mchana. Kule juu, kwenye kigawa maji, tulimwona mgawa maji ametoa simu yake, ameinama. Ikaja sauti ya chuma kikivutwa. Maji yakashuka mferejini yakisukuma majani makavu na povu mbele yake, yakakata kona, yakaingia. Mwenzangu akapiga kelele za mpirani. Mama mdogo alikuwa ameshainuka zamani, yuko kwenye tuta la pili anafungua njia kwa jembe, na mimi nikavua viatu nikamfuata, nalia bila haya.

Ni baadaye, tumeshamaliza na tunaosha miguu, ndipo nilipoona vitu vyake pale alipokuwa amekaa. Sweta zito, la baridi ya asubuhi. Chupa ya chai, tupu. Sahani iliyofunikwa, tupu nayo. Mgawa maji alikuwa amefika kwa baiskeli kutazama, akayaona macho yangu yalipo.

"Mama yako huyu," akasema, "yuko hapa tangu saa mbili haijafika."

Nilimgeukia mama mdogo. Akaendelea kuosha jembe.

"Ulikuja asubuhi?"

"Nilikuja kwa nane zote mbili."

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Wewe nilikuamini. Simu ndiyo sikuijua." Akapangusa mpini kwa kitenge. "Ingeita asubuhi, ningeyapokea asubuhi, ningenyamaza. Huyu mzee naye angenyamaza. Nani angejua mtoto wangu ameshindwa?"

Yule mzee akatazama pembeni, na nikajua walikuwa wamepanga pamoja. Nilikasirika, ndiyo, maana jaribio halikuwa jaribio. Na nilimpenda zaidi. Nilikuwa nimedhani ameweka maharage yake rehani kwa ajili ya kazi yangu, kumbe alikuwa amekaa juani kutwa ili kazi yangu isipate aibu.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti aliomba naye apate kioo cha kompyuta ofisini kwake, cha kuingizia zamu bila kutuma ujumbe. Hiyo ilihitaji lugha ya tatu. Tuliongeza kwenye plagini, maktaba yake ikatoka kabla ya chakula cha mchana, na mara ya kwanza mwenyekiti alipoandika 8 peke yake kioo kikamuuliza, saa nane ya lini? Nasikia aliwaita watu waje kuona.

Jumatano iliyofuata nilishuka Kikwe peke yangu. Saa nane ilikuwa inakaribia. Nilikwenda moja kwa moja shambani na sikumkuta. Hakukuwa na jembe, sweta wala chupa ya chai. Nilikimbia mpaka nyumbani nikidhani anaumwa, au ameanguka, au simu imemdanganya.

Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakula.

"Mama! Maji!"

"Si ni saa nane?" akasema, akatazama simu yake iliyokuwa kwenye stuli kando ya chumvi, halafu akasogeza kigoda kingine kwa mguu. "Bado. Kaa ule kwanza."